Uikaze, Usiikaze

Nyumbani kwetu,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumanne, tarehe 10, saa saba mchana.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko kambini mgodini, wewe na hicho kifua chako kinachokusumbua kila vumbi likianza. Kikohozi kimepungua? Ile sweta niliyokufumia unaivaa, au umeifanya tambara la kufutia mitambo? Wifi hajambo? Na wapwa zangu wadogo, ambao siku hizi wananiita shangazi kwa sauti nzito kama wazee wa baraza, wameshazoea shule mpya? Mwambie yule mdogo aache kuuma kucha, nimeona picha.

Sisi huku tunaendelea. Mimi nina sare za shule mia na kumi za kushona kabla ya muhula kufunguliwa, na mgongo umeanza kunidai. Mama yu mzima, ukiondoa macho. Baba naye yu mzima, ukiondoa hili linalonifanya nishike kalamu.

Najua ukiona bahasha utashtuka, maana katika nyumba yetu barua ni habari ya msiba. Hakuna msiba. Hakuna mpaka saa hii ninayoandika. Nakuandikia kwa sababu simu ndiyo iliyotuponza, na utaona vipi.

Barua naipeleka kwa dereva wa lori la chakula, anaondoka kesho alfajiri kuja huko kwenu. Amesema utaipata Jumamosi. Safari ya Mama ni Alhamisi. Kwa hiyo sikuombi uje utuokoe, Kaka. Naandika ili kama kuna lolote litakalotupata, ujue lilianzia wapi, na usikae huko ukimlaumu mtu asiyestahili.

Nianze na macho ya Mama. Mtoto wa jicho ameshalifunika la kushoto lote, na la kulia limebaki ukungu. Ananitambua kwa mlio wa kandambili zangu. Hospitali imempa Alhamisi hii saa mbili asubuhi apasuliwe la kulia. Daktari bingwa anakuja kwa siku mbili tu, halafu harudi mpaka baada ya miezi sita, na yule muuguzi wa mapokezi alinivuta pembeni akaniambia kwamba kwa hilo jicho miezi sita haipo. Kwa hiyo lazima Mama afike. Baba ameshasema atampeleka mwenyewe na hataki kusikia habari ya teksi wala basi.

Sasa gari. Wiki tatu zilizopita lilianza kusitasita, unakanyaga mafuta linafikiria kwanza. Baba akamwita yule fundi wa kona tunayemwita Daktari kwa ajili ya koti lake, ambalo zamani lilikuwa jeupe. Daktari akachungulia, akasema ni sensa ya kamshafti. Mama alikuwa ameketi kizingitini. Akauliza wanataka nini tena hao watu wa sensa, mbona walituhesabu mwaka juzi tu, na katika nyumba hii hajazaliwa mtu wala kuhama. Tulicheka mpaka Daktari akakaa chini. Sijacheka hivyo tena tangu siku ile.

Baba alinieleza, nami nikaelewa kwa njia ya cherehani yangu. Sindano ikishuka wakati ndoano ya chini haijafika, uzi unakatika. Hako kadude kanaitazama shafti ya juu inavyozunguka, kanaiambia injini wakati wa kuchoma mafuta. Kakitoa habari mbaya, injini inachoma ovyo au inaacha kabisa. Daktari alisema aagize mpya. Baba akasema yule kijana hajui kuisikiliza injini, anabadilisha vyuma kama mtu anayebadilisha soksi, na kwamba atamuuliza mwanawe.

Ndipo ulipotuma ule ujumbe wa sauti, Jumanne iliyopita, ulipokuwa umeshuka mjini kwenye mtandao. Baba aliusikiliza uani, simu ameibana sikioni, macho ameyafumba, anaitikia "ndiyo, ndiyo" kana kwamba upo mbele yake. Akaingia ndani amejaa furaha. Akasema, "Kaka yako amesema niifungue, niisafishe, nikishaiweka niikaze." Kesho yake akaanza kazi.

Alikaza, Kaka. Unavijua vile viganja. Lile sikio la plastiki lenye tundu la bolti likalia kama mfupa wa kuku, likapasuka. Nililisikia mimi nikiwa dirishani na cherehani inakwenda. Yeye aliona ufa baadaye, alipopapasa. Hakukasirika. Alisema plastiki za siku hizi hazina adabu, na kwamba ataisawazisha na kuiimarisha mwenyewe.

Kuisawazisha ni hivi: alikata vipande viwili vya pakiti ya maziwa akavitia chini ya upande mmoja, ili isimame wima isiguse meno ya shafti. Kuiimarisha ni gundi ya chuma kuzunguka ufa, halafu kipande cha bati alichokata kwenye mfuniko wa kopo la rangi, halafu waya. Ilichukua siku nzima. Alipomaliza ilikuwa kazi safi kwa kweli, ungeipiga picha. Jioni aliniita nije nione, nami nikamsifu kwa moyo wote. Najuta kumsifu.

Jumamosi tulikwenda wote watatu hospitali, Mama apimwe jicho. Kwenda hakukuwa na neno. Wakati wa kurudi injini ilikuwa imeshapata moto, na unaijua ile njia, lazima uvuke reli ya kiwandani ambayo haina geti wala mlinzi, kuna kibao tu ambacho kutu imekila. Gari likapanda tuta, likakohoa mara moja, likazima. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshavuka. Mimi na Mama, kiti cha nyuma, tulikuwa juu ya reli.

Treni ikapiga honi. Ilikuwa bado kwenye kona, nyuma ya matanuri ya matofali. Baba anazungusha ufunguo taratibu, anaachia, anangoja kidogo, anazungusha tena, kama mtu anayefungua kabati la nguo. Honi ya pili. Ya tatu. Nikajisemea huyu mzee moyo wake ni wa namna gani. Nilitaka kumfungulia Mama mlango, nikapapasa kitasa nisikipate. Mama ambaye haoni hata kijiko alijiinua, akampiga Baba begani mara mbili, akamwelekeza kwa kidole upande wa kulia. Baba akageuza kichwa. Honi ya nne ilikuwa inalia, na ndipo alipoiona treni.

Wanaume wawili waliokuwa wanangoja kuvuka na baiskeli walizitupa wakatusukuma. Tulishuka tuta tukiwa na nafasi ya kutosha, sitaki kukudanganya, labda muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Halafu mabehewa yakapita na vumbi lote likaingia ndani. Mama aliniuliza kama kitambaa chake cha kichwa kimekaa sawa.

Jambo lililonishangaza ni Baba. Injini ilipopoa ikawaka, na njia nzima kurudi alikuwa anamlaani dereva wa treni. Alisema mtu gani anafika kwenye kivuko bila kupiga honi hata mara moja, kwamba watu wa namna hiyo wanapaswa kufungwa, na Jumatatu atakwenda stesheni kumshtaki. Nilidhani ni hofu imemvuruga. Mama alinibana mkono nisimbishie.

Jumapili nilichukua simu yake, nikausikiliza ujumbe wako. Upepo wa huko kwenu umemeza nusu ya maneno. Mara ya kwanza nilisikia alivyosikia yeye. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nilijifunika kichwa kwa gunia la vitambaa, nikaweka sauti mpaka mwisho, ndipo nikakusikia sawasawa: "Ukishaiweka usiikaze, iache ikae yenyewe." Usiikaze. Baba alisikia uikaze. Silabi moja tu, hiyo "si," imechukuliwa na upepo. Mimi mwenye masikio yangu yote niliikosa mara mbili, kwa hiyo sikumlaumu hata kidogo, na wewe usijilaumu.

Nikatoka mbio kwenda kumwambia. Alikuwa ameinamia injini inayounguruma, ameweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye sikio, kama alivyotufundisha tukiwa wadogo. Injini ilikuwa inapiga chafya, Kaka. Inakatika, inarudi, inakatika, mpaka bampa inatikisika. Nikaita, "Baba." Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Nikaita tena. Nikaita mara ya tatu kwa sauti ambayo jirani alichungulia ukutani. Hakugeuka. Alipomaliza akajinyoosha, akaniona, akatabasamu. "Njoo usikilize mwenyewe," akasema. "Imetulia tuli."

Mambo ya miaka miwili yakajipanga kichwani mwangu: redio aliyosema imeharibika akaigawa, wageni wanaogonga mlango na Mama ndiye anayekwenda kuwafungulia, ile tabia yake mpya ya kututazama midomoni tunapoongea, ambayo mimi niliichukulia kuwa ni mapenzi ya uzeeni. Huyu mtu aliyekuwa akijua lori limechoka gia gani kabla halijakata kona. Nilirudi ndani.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi kwa kupapasa. Nikamwambia, "Mama, Baba hasikii."

"Najua," akasema. "Huu mwaka wa pili."

Nikamuuliza mbona hakutuambia sisi watoto. Akageuza kiazi mkononi, akatafuta kwa kidole yale macho ya kiazi yanakochipukia, akayatoa kwa kisu. Akasema, "Yeye alinifichia macho yangu mwaka mzima, ananitangulia kila mahali, anajifanya anapenda tu kunishika mkono. Mimi ningemtangazaje?"

Nikapandisha hasira, nisamehe, mimi na Mama hatujawahi kupandishiana. Nikamwambia wewe huoni, yeye hasikii, gari linazima likipata moto, na reli haina geti. Sasa Alhamisi mnakwenda vipi?

"Ndiyo maana tunakwenda wawili," akasema, akaendelea kumenya.

Ningecheka kama isingekuwa ile honi ambayo mpaka leo ipo masikioni mwangu. Nashona, naisikia. Nafungua bomba, naisikia.

Jana Jumatatu walipokwenda kumjulia hali jirani, nilichukua spana namba kumi nikaingia chini ya boneti. Nilikata waya, nikabandua bati, nikafungua bolti, nikaing'oa hiyo sensa pamoja na ndui zake zote za gundi, nikaificha kwenye mkebe wa vifungo. Nikajiona nimemaliza mchezo. Gari bila sensa haliwaki, Baba atahangaika, Alhamisi itafika, tutachukua teksi bila mtu kuaibika. Wewe mwenye kazi yako umeshaanza kutikisa kichwa.

Leo asubuhi alikaa kwenye usukani akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, nami nimesimama dirishani na sindano mdomoni. Ikawaka. Iliwaka, Kaka, bila sensa, na oili ikaanza kutema kupitia lile tundu nililoliacha wazi, inarukia kila mahali. Hilo utanieleza siku nyingine jinsi linavyowezekana. Mimi nilikuwa nimeshafika nje.

Alizima baada ya kuona moshi. Akafungua boneti, akatazama tundu. Akanitazama mimi. Nilikwenda nikaleta mkebe, nikamfunulia. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwako. Nikasema, "Baba, Kaka alisema usiikaze."

Akatazama mdomo wangu. "Ndiyo," akasema. "Niliikaza."

Nikarudia polepole. Akaitikia vilevile. Ndipo nilipofahamu kwamba midomoni maneno hayo mawili ni mamoja, hata ukiyatamka kwa siku nzima. Nilikuwa na chaki yangu ya kupimia nguo mfukoni. Nikaishusha boneti, nikaandika juu yake, kwa herufi kubwa, USIIKAZE, na ile "si" nikaipigia mstari chini yake.

Alisoma. Alisoma muda mrefu kuliko neno lenyewe. Oili ilikuwa inamdondokea kwenye kiatu, hakuiona. Nilifikiri atakasirika kwa ajili ya sensa, au atasema upepo, simu mbovu, kuna mengi ya kusingizia na ningemkubalia lolote. Akaniuliza kitu kingine kabisa.

"Jumamosi treni ilipiga honi?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mara ngapi?"

Nikamwonyesha vidole vinne.

Akavitazama vidole vyangu, Kaka. Halafu akatazama kizingitini alipokaa Mama. Akaegemea gari kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Baba akiwa mzee. Nililia, siwezi kuficha. Yeye hakulia. Alifuta boneti kwa kiganja, akaacha "si" tu, sijui kwa makusudi au mkono haukufika.

Nilidhani yameisha hapo. Hayakuisha. Daktari amekuja na koti lake, amesema sensa mpya aliyoagiza haitafika kabla ya Ijumaa. Hiyo ya zamani ameirudisha ili kuziba tundu, amefunga kwa vidole tu, na amesema wazi kwamba likipata moto litazima tena, mahali gani hajui. Teksi tumepiga simu kwa watu watatu, na Alhamisi ni siku ya gulio, wote wameshachukuliwa tangu wiki jana. Basi la kwanza linafika mjini saa nne. Saa nne daktari bingwa atakuwa amefunga orodha.

Kwa hiyo tutakwenda na gari, na atakayeendesha ni Baba, maana mimi sijui na Daktari hana leseni. Nimewekeana nao masharti. Nitakaa mbele. Tukifika kwenye reli Baba atasimama mbali, mimi nitashuka na Mama, nitamshika mkono, tutavuka kwa miguu kwanza. Nikishamketisha ng'ambo nitarudi nisimame katikati ya reli, nisikilize pande zote mbili, kisha nimpungie kitambaa cheupe. Baba atavuka peke yake. Mama hajapenda hiyo sehemu ya peke yake. Alisema wao hawajawahi kuvuka mmoja mmoja. Nilimwambia Alhamisi wataanza.

Kona ile ya matanuri inaficha sauti, nilikwenda leo kuijaribu. Mpaka uisikie treni, imeshakaribia kuliko unavyodhani. Nimeipima kwa kuhesabu, na hesabu niliyoipata sitaiandika hapa. Utakapoisoma barua hii Alhamisi itakuwa imeshapita, nawe utakuwa unajua jambo ambalo mimi silijui sasa. Usipige simu. Nitakuandikia kwa lori la Jumatano, vyovyote itakavyokuwa.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa cha gauni lake nimekikata tayari. Wabusu watoto, mkubwa na yule mla kucha. Mpe heshima zangu yule mpishi wenu aliyekuuguza mwaka jana. Mama anakusalimu, anasema ule ushibe na uache kuruka chakula cha asubuhi. Shangazi wa ng'ambo ya kiwanda anakusalimu pia. Mungu akulinde kwenye mashimo yenu huko, na atulinde na sisi kwenye hili letu.

Baba anataka kuweka neno lake mwisho. Amesimama nyuma yangu tangu nilipoanza ukurasa huu, amesoma yote, na hajaniambia nifute kitu. Nampisha kiti.

Mdogo wako anayekupenda bila kupunguza,
Kitindamimba.

Mwanangu,
Honi sikuisikia. Sauti yako nayo sijaisikia sawasawa tangu mwaka juzi, naokota neno moja moja, mengine nilikuwa naitikia tu. Niandikie.
Baba yako.